Koti la Karume, buti za Toronto: nini ununue wapi kabla ya baridi ya kwanza

Anayeondoka Dar es Salaam mwezi Januari huacha joto la nyuzi 32, na kesho yake anatua Toronto au Helsinki kwenye -5, au Minneapolis ambako usiku wa mwezi huo kushuka hadi -20 hakumshangazi mtu. Kabla ya hapo ana wiki chache za kukusanya nguo asizowahi kuvaa, kwa hali ya hewa asiyowahi kuiona, mara nyingi akifuata ushauri wa shangazi aliyewahi kukaa London. Shangazi hakosei, ila London ya Januari hucheza kwenye nyuzi 5 juu ya sifuri, na ushauri wake unaishia hapohapo London.

Duka moja la kumaliza haja zote halipo. Hapa tumepima sehemu ambazo msafiri wa kwetu hununua kweli: mitumbani, kwenye maduka ya nguo mpya ya Kariakoo, kwa wakodishaji wa vifaa vya mlima pale Moshi, na madukani huko anakokwenda. Hukumu yetu ni hii: koti chukua mitumbani, nguo za ndani nunua mpya, buti subiri ufike. Hukumu yenyewe si muhimu kama sababu zake, kwa hiyo tuanze na koti, maana ndilo linalokula fedha na kilo.

Mitumbani: koti linarudi kwao

Sababu ya kuanzia mitumbani si bei peke yake. Koti lililotundikwa Karume pale Ilala, au Memorial ya Moshi, au Gikomba na Toi kwa wa Nairobi, lilishonwa kwa ajili ya mtu anayesubiri basi kwenye theluji. Limevaliwa misimu miwili mitatu, likatolewa, likafungwa kwenye belo, likavuka bahari. Wewe unalirudisha kwao tu. Kiwanda kinachoshona jaketi la kuuzwa kwenye joto hakina haja ya kuweka kinga ya upepo nyuma ya zipu. Kilichoshona lile kiliweka.

Tena kwa Dar, koti zito ni mzigo unaokaa. Belo likifunguliwa, majaketi mepesi huondoka asubuhi ileile, mazito hubaki yananing'inia hadi aje mtu wa Makete au Njombe, au mtu wa safari kama wewe. Ndiyo maana bei yake hujadilika, ilimradi usitamke neno safari. Ukishasema unaenda Kanada, koti limepanda palepale.

Muuzaji atalipigapiga na kukuambia, "Hili la theluji kabisa, bosi, shika uzito huo!" Uzito ndio wa kutilia shaka. Kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia ndani ya koti, na hewa haina uzito wa kutisha. Koti jema la manyoya ya bata hujaa kifua lakini mkononi ni jepesi. Koti zito lisilofura mara nyingi ni kitambaa kinene tu, na ndege inakutoza kilo za bure.

Lipime hivi, bila haraka, na kama kuna jua litoe nje ya kibanda. Kwanza tafuta lebo ya ndani ubavuni, usome kilichojazwa. Manyoya ya bata au ya bata bukini huandikwa kwa asilimia, kwa mfano 80 kwa 20: namba ya kwanza ni manyoya laini yanayoota chini ya yale ya nje, ya pili ni unyoya wenye kijiti. Ya kwanza ikizidi 70, endelea. Ukiona namba kama 550, 650 au 800 imeandikwa kifuani au mkononi, hiyo ni nguvu ya kufura: kadiri inavyopanda, ndivyo manyoya kidogo yanavyoshika hewa nyingi. Lebo hiyohiyo hubeba pia namba ya muuzaji. Inayoanza na CA ni ya Kanada, RN ni ya Marekani, na makoti mengi yana zote mbili. Namba hazikuhakikishii joto, ila zinakuambia koti lilikusudiwa kuuzwa wapi.

Kisha likamate mgongoni, ulifinye ngumini hadi liwe bonge, uliachie. Koti zima huanza kufura ndani ya sekunde chache. Likibaki limesinyaa kama chapati, manyoya yameshikana kwa mafuta ya mwili, au yamefuliwa yakakaushwa vibaya. Sasa liinue dhidi ya jua. Ndani ya kila kijumba cha mshono uone kivuli; kijumba kinachopitisha mwanga mtupu ni dirisha la baridi, na mahali panapobaki patupu zaidi ni mabegani na kwenye viwiko. Kijumba kimoja au viwili vinasameheka. Bega zima halisameheki.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nayo ndiyo inayofichua kinachoua makoti mengi ya pwani. Ingiza kidole ndani ya kofia ya koti na chini ya kola, usugue kitambaa upande wa ndani. Makoti yasiyopitisha maji hupakwa ngozi nyembamba ya plastiki ya poliyurethani, na plastiki hiyo huoza kwa unyevu na joto hata kama koti halijavaliwa. Miezi ndani ya kontena na mingine kwenye stoo ya Dar inatosha kuharakisha uozo huo. Kidole kikitoka na unga mweupe au vipande kama magamba ya samaki, liache, hata likiwa jipya kwa macho. Hakuna fundi wa kulitengeneza, na magamba yatakuwa shingoni mwako kila siku.

Zipu uifunge na kuifungua mara 5, mara ya mwisho ukiwa umeinama. Neno YKK, jina la kampuni ya zipu, kwenye kichwa cha zipu ni dalili njema tu, maana kuna la kughushi pia. Kichwa kilicholegea, fundi cherehani hubadilisha kwa dakika 10 na fedha kidogo. Meno yaliyong'oka ni habari nyingine: zipu nzima ya koti refu, yenye vichwa viwili, ni ngumu kuipata kwa urefu na ukubwa uleule wa meno. Nyuma ya zipu pawe na ukanda wa kitambaa kutoka kidevuni hadi chini, maana upepo hupita katikati ya meno kama maji kwenye kichungi cha tui.

Livae juu ya sweta nene, si juu ya fulana. Inua mikono kama unayeshika bomba la daladala: mkono wa koti usiachie kifundo, na pindo lisipande juu ya makalio. Koti linaloishia kiunoni ni la kuendeshea gari. Wewe utasubiri basi.

Na sasa mtego wenyewe. Kuna makoti yanayouzwa huko kwa jozi: ganda la nje la kuzuia mvua, na jaketi la joto la ndani linalofungwa humo kwa zipu. Yakifika kwenye belo jozi zimeshaachana. Ganda huning'inia peke yake, zuri, kubwa, lina kofia na mifuko 8, na kila mtu huliona ni koti la theluji. Lifungue uangalie kingo za mbele kwa ndani: ukikuta zipu ya pili isiyofunga chochote, umeshika ganda tupu. Si baya, linafaa juu ya jaketi jingine, lakini bei yake iwe ya koti la mvua.

Makoti marefu ya sufu, yale ya kiofisi, yanapendeza na kwa London, Amsterdam au Paris yanatosha. Kwa -15 yenye upepo hayatoshi, kwa sababu hayafungi shingoni wala hayana kofia. Upepo ndio hesabu ambayo watu wa joto hawaipigi: kwenye -10, upepo wa kilomita 30 kwa saa huifanya ngozi ihisi karibu -20. Hali ikihisiwa chini ya -28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Sikio hutangulia.

Manyoya ya bata yana udhaifu mmoja: yakilowa, hulala, na joto lote limekwenda. Kwa miji ya theluji kavu kama Minneapolis au Winnipeg si tatizo. Kwa miji ya mvua na theluji ya majimaji, Vancouver au Hamburg kwa mfano, chagua lililojazwa poliesta, ambayo ikilowa bado hushika joto kiasi. Litakuwa nene zaidi begini kwa joto lilelile. Hakuna ujanja hapo.

Kulifua kwahitaji siku, si saa. Tumia sabuni laini ya maji kwenye beseni kubwa, likandamize bila kulikamua, suuza maji matatu au manne hadi povu liishe. Usitie kilainishi, kinashikanisha manyoya. Kulikausha ndiko kazi: lilaze juani juu ya kitanda cha kamba au wavu, kila baada ya saa moja lipindue na kuvunja mabonge kwa vidole, kijumba kwa kijumba. Hesabu siku 2 hadi 3 za jua kamili, na usiku liingie ndani. Anayefua wiki ya safari, tena ya mvua za vuli, huondoka na koti linalonuka kuku aliyelowa, na harufu hiyo ikishaingia ndani haitoki kirahisi. Ukiwa umebanwa na muda, lianike tu juani, ukalifue huko: mashine ya kukaushia, joto la chini, na mipira 3 ya tenisi ndani ya kuvunja mabonge.

Kariakoo na Moshi, kwa ufupi

Majaketi mapya ya kufura yanayouzwa Kariakoo ni mazuri kwa Iringa ya Julai. Ndani yake huwa na karatasi nyembamba ya poliesta, mshono umepita moja kwa moja kutoka nje hadi ndani, na kila mstari wa mshono ni njia ya baridi. Nembo kubwa kifuani isikubabaishe, wala kadi inayosema linafaa hadi -30. Kwa makoti ya kawaida hakuna kipimo kimoja kinacholazimisha viwanda vyote, kila mmoja huandika apendavyo. Kwa fedha hiyohiyo mitumba inakupa koti bora. Kariakoo tuiachie begi, kufuli, mizani ya kuning'iniza na adapta.

Moshi ni jambo la pekee, na wanaotoka kaskazini waitumie. Mji unaopeleka watu Uhuru, mita 5,895, hauwezi kukosa vifaa vya baridi. Wakodishaji wana makoti ya manyoya, glavu nzito, fulana za flisi (kitambaa laini chepesi chenye vinyweleo) na soksi za sufu, na vingine viliachwa na wageni walioshuka mlimani. Kukodi hakukusaidii, maana koti litatakiwa lirudi. Kununua kwa mkodishaji kunawezekana, ila koti la kukodishwa limelaliwa, limekandamizwa kwenye mifuko ya wapagazi, limetokwa jasho na watu wengi. Jaribio la kufinya huliumbua mara moja. Kinachofaa pale ni flisi na glavu. Gaita (vifuniko vya kuzuia theluji na matope kuingia viatuni), fimbo na mifuko ya kulalia waachie wapanda mlima, hata bei iwe tamu vipi.

Nguo za ndani: hapa usibane

Tabaka linalogusa ngozi kazi yake ya kwanza ni kuondoa jasho. Ndiyo, jasho, kwenye -10. Utatembea haraka na mzigo, utaingia basi lililowashwa joto, utalowa kwapani na mgongoni, kisha utatoka nje tena. Fulana ya pamba hunywa jasho hilo ikakaa nalo. Baada ya dakika 10 kituoni mgongo una kitambaa cha maji baridi chini ya koti la bei mbaya, na mtu anaanza kulilaumu koti. Jinzi ni pamba pia. Zikilowa theluji magotini hukauka kesho.

Heattech, nguo za ndani za joto za kampuni ya Kijapani Uniqlo, ndiyo jina utakaloambiwa na kila mwanafunzi aliyetangulia, na kwa maisha ya mjini inastahili sifa yake. Ni nyembamba, inaingia chini ya shati la ofisini bila kuonekana, na bei ya fulana ya kawaida Marekani iko kati ya dola 20 na 25. Ina madaraja matatu: ya kawaida, Extra Warm ambayo kampuni yenyewe huitaja kuwa na joto mara 1.5, na Ultra Warm mara 2.25. Tungechukua ya kati, mbili juu na mbili chini. Ya kawaida inafaa ndani ya nyumba na miji ya nyuzi sifuri. Ultra Warm ni nene, na ukishaingia darasani lenye nyuzi 21 huna pa kuivulia.

Lawama yetu kwa Heattech: ndani yake mna reyoni, inayoshika unyevu wa mwili na kuugeuza kuwa joto kidogo. Kwa mtu anayetembea kwenda stesheni ni raha. Kwa anayefanya kazi ya nguvu nje, kupakia mizigo au kufagia theluji, reyoni hujaa na kubaki na ubichi. Huyo anunue poliesta tupu ya michezo, au sufu ya merino (kondoo wa sufu laini) ya gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Merino ni ghali, ila huvaliwa siku kadhaa bila kunuka, na kwa anayelipia mashine ya kufulia kwa sarafu hiyo ni hesabu ya kweli. Nondo wanaipenda pia, usiiache kabatini bila kuangalia.

Hakuna duka la Uniqlo Afrika Mashariki, kwa hiyo ama mtu akuletee ama ununue ukifika. Kwa siku mbili za mwanzo, zile nguo za kubana za poliesta ambazo wachezaji huvaa chini ya jezi zinatosha, mitumbani zimejaa. Zigusane na ngozi. Mtu anayevaa singlendi ya pamba kwanza, kisha Heattech juu yake, amelipa fedha ya bure.

Juu ya hapo vaa flisi moja yenye zipu ya mbele. Zipu ni muhimu, na hapa ndipo watu wa pwani wanapokosea kwa wingi: wanafungasha masweta manne mazito ya kuvaa kwa kichwa. Nje ni -10, ndani ni nyuzi 21, na kwa siku utavuka mlango huo mara 10. Kisichofunguka haraka kitakutesa kuliko baridi yenyewe. Fulana zako za kawaida beba, utazivaa ndani kila siku.

Buti: subiri

Kitu kimoja usinunue mitumbani, hata uonyeshwe kilivyo kipya, ni buti za theluji. Soli nyingi za buti hizo zina tabaka la povu la poliyurethani, ndugu wa ile plastiki ya koti, na kifo chake ni kilekile. Unyevu wa hewa huivunja polepole, tena kiatu kilichokaa kwenye boksi huoza sawa na kilichovaliwa, na huwa hakionyeshi kwa nje. Unakipanda siku ya kwanza, unatembea mita 200, soli inabanduka nzima au inavunjika vipande kama biskuti. Ukitaka kuamini, bonyeza ukucha kwenye ubavu wa soli ya buti yoyote ya miaka mingi: ikiacha alama isiyorudi, au ikitoa unga, ndiyo hiyo. Juu ya hilo, mpira wa zamani hugumu ukateleza kwenye barafu, na unyayo wa ndani umekwisha chukua umbo la mguu wa mwingine.

Sababu ya pili ni kilo. Buti nzito za theluji huweza kufika kilo 2 kwa jozi, na zinachukua robo ya begi. Huko zimejaa, kwa saizi zote. Tazama kiatu ambacho sehemu ya chini, kutoka kwenye soli hadi juu ya vidole, ni mpira mtupu usio na mshono, kwa sababu majimaji ya barabarani ndiyo adui kuliko theluji. Kipande cha juu kipite kifundo cha mguu. Kijazio huandikwa kwa gramu: 200 kwa mtu anayetembea mjini, 400 kwa miji ya -15 na chini. Kile cha 800 ni cha kukaa tuli juu ya ziwa lililoganda ukivua samaki. Aina zenye soksi nzito ya ndani ya kitambaa kigumu kilichoshindiliwa, inayotoka, kama Sorel Caribou, zina faida moja kubwa: jioni unaichomoa ikauke karibu na hita, asubuhi mguu unaingia pakavu. Kwa kwenda kazini kila siku ni nzito mno, ila kwa Winnipeg hatungebisha.

Chukua nusu saizi zaidi ya yako, uvae soksi moja ya sufu. Moja. Soksi tatu za pamba ndani ya buti iliyobana huzuia damu, na mguu usiopata damu huganda hata ungeuzungushia blanketi. Anayelalamika buti hazina joto, mara nyingi tiba yake ni kupunguza soksi.

Kwa safari yenyewe vaa kiatu cha ngozi kilichofungwa, chenye nafasi ya soksi ya sufu. Raba za wavu hupitisha upepo kama chandarua. Na ukishaanza kuona mistari meupe kwenye ngozi ya viatu, ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Ipanguse jioni ileile kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, isije ikapasua ngozi.

Mahali pa kununua: kama bajeti ni ndogo, Value Village kwa Kanada, Goodwill na Salvation Army kwa Marekani, UFF kwa Helsinki. Ndiyo, ni mitumba, ila ya jirani, na kipimo cha ukucha tumia hukohuko. Buti mpya za bei ya kati ziko Decathlon, kwa nchi walizopo. Mapunguzo makubwa huanza baada ya Krismasi na kuzidi Februari, wenyeji wanapoanza kufikiria majira mengine. Anayefika Januari ana bahati hiyo moja. Weka risiti na usikate lebo hadi umevaa ndani ya nyumba nusu saa.

Vidogo vya mwisho na mizani

Mzula, au boshori kwa wa Nairobi, ufunike masikio kabisa. Mwenye nywele za asili au aliyesuka ashonee ndani kipande cha satini, sufu hukwangua nywele na hewa kavu humalizia. Mwenye hijabu avae ya kitambaa chepesi cha kunyooka chini, mzula juu, kofia ya koti mwishoni. Skafu kubwa juu ya hijabu huzuia kofia kufunga. Glavu zinazoweka vidole vinne chumba kimoja zina joto kuliko za vidole mbalimbali. Chukua hizo, na nyingine nyembamba za kugusia simu. Kikoi shingoni kinapendeza kwenye picha. Ni pamba.

Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, kwa hiyo usitegemee kuyamimina. Vaselini ya gramu 250 inatosha mwezi: midomo, puani, visigino, kabla ya kutoka. Hewa ya ndani yenye hita ni kavu hata pua inaweza kutoka damu, usikimbilie hospitali kwa tone moja.

Simu huishiwa chaji ghafla kwenye baridi. Apple wenyewe wanaitaja iPhone kuwa ya kutumika kati ya nyuzi 0 na 35. Iweke mfuko wa ndani wa koti. Pawabanki ikae kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye begi la kupakiwa. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100: ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni 74, inapita. Plagi ya pini tatu ya kwetu inaingia Uingereza bila adapta. Kanada na Marekani umeme ni volti 120, kwa hiyo pasi na kikausha nywele vya volti 230 ni uzito wa bure, hata ukiwa na adapta. Chaja ya simu soma maandishi yake: ikisema 100–240 ni salama.

Chakula: nyama na maziwa ya aina yoyote usibebe kwenda nchi za Umoja wa Ulaya. Kanada na Marekani, kila cha kula kitaje kwa forodha, hata pilau masala. Kinachokupatia faini ni kukaa kimya.

Tiketi nyingi za daraja la kawaida huhesabu begi la kilo 23, ila soma yako, zipo zenye begi moja na zenye mawili. Mifuko ya kufyonza hewa hupunguza unene, kilo ni zilezile, na msafiri huingia tamaa ya kujaza. Manyoya ya bata yakikaa humo wiki nzima hulala, kwa hiyo koti usilifunge kabisa: libebe mkononi. Kwa kawaida vazi la mkononi halipimwi, na mifuko yake inabeba glavu, mzula na skafu.

Begi la mkononi liwe na flisi, suruali ya ndani ya joto, soksi za sufu jozi 2 na dawa zako. Mabegi hupotea kwenye kuunganisha ndege, hasa pale muda ulipobana, na hutaki kusubiri teksi kwenye -12 ukiwa na shati ulilotoka nalo Dar. Usivae tabaka hizo nyumbani, utaloa jasho kabla ya ukaguzi. Vaa kwenye choo cha uwanja wa kuunganishia, Doha, Addis au Amsterdam, kisha uache zipu wazi hadi mlango wa mwisho ufunguke.